Mkavu wa Laini ya Tatu

Hapana, Wairimu, mkavu si mtu asiye na roho. Hapo umekosea na nakataa kabisa, hata kama wewe ndiye dada yangu mkubwa na umeniambia nifunge mdomo. Unasema huko Thika mlikopanga chumba, majirani zako wa Majengo wakisema mtu ni mkavu wa macho wanamaanisha hana haya, anaweza kukuibia sufuria asubuhi na jioni arudi kukuomba chumvi. Sawa. Wao wana Kiswahili chao. Lakini sisi tuliolelewa kwa laini za kahawa hapa Ruiru, zile nyumba za wachumaji, tulikuwa na mkavu wetu, na mkavu wetu alikuwa mtu wa maana kuliko nyapara.

Naandika hivi kwa daftari kwa sababu nikiongea hunipi nafasi ya kumaliza. Hata sasa uko ndani unapika na kugonga masufuria kwa nguvu ili nisikie vile umekasirika, na mimi niko hapa nje kwa ngazi ya mlango, naandika kabla mwanga haujaisha.

Yote yalianza na goti la mtoto. Leo baada ya kanisa Wairimu alikuja kututembelea na msichana wake Nyokabi, ambaye ana miaka mitatu. Mtoto alikuwa anakula kiazi kitamu, akajikwaa hapa hapa kwa ngazi, goti likapiga jiwe. Akaangalia damu. Akatuangalia sisi. Akaendelea kula. Mimi nikapiga makofi, nikasema, "Ĩĩ! Huyu ni mkavu kabisa!" Na Mama Karanja, jirani yetu ambaye hajawahi kuona moto akakosa kuutilia kuni, akacheka akasema, "Ashukuriwe Mungu hakufuata mama yake. Si mama yake ni Maji?"

Wairimu akamwinua mtoto, akampangusa goti na leso. "Usimwite mtoto wangu mkavu," akaniambia. Hakumwambia Mama Karanja, aliniambia mimi. "Mtoto akiumia, alie. Mdomo alipewa wa nini, wa kula peke yake?"

Nikamjibu. Akanijibu. Nikamjibu tena, na maitu, mama yetu, akatoka nje akasema, "Nyinyi wawili, mnaniaibisha siku ya Jumapili, na mwenye goti hata hajasema neno."

Basi ngoja nieleze. Nina miaka kumi na tisa, na najua Cucu Gathoni, nyanya wa laini nzima, akinisikia nikisema "enzi zetu" atacheka mpaka akohoe. Lakini nyinyi mliokua na sisi kwa laini ya tatu mtanielewa. Kuna vitu vimeisha tayari, na hata hatujazeeka.

Enzi zetu, asubuhi ilianza na kile kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwa nguzo ya mahali pa kupimia kahawa. Nyapara akikigonga, ng'ang! ng'ang!, mbwa wote wa laini walijibu, na watu wazima wakaingia mashambani na vikapu huku umande ukiwalowesha mpaka kiunoni. Sisi tulienda shule ya shamba, chumba kimoja cha udongo, standadi wani mpaka standadi foo ndani ya kuta hizo hizo, na mwalimu mmoja ambaye akifundisha foo hesabu, wani waliimba alfabeti kwa sauti ya chini kama nyuki. Saa sita tulikula githeri baridi kutoka kwa mkebe. Tukitoka, tulipitia mahali kahawa ilikuwa inaoshwa, tukilamba ile nyama tamu ya tunda jekundu mpaka midomo inateleza. Harufu yake ilikuwa kama ya kitu kilichooza na asali kwa wakati mmoja. Mpaka leo nikiisikia nasimama.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku kubwa, na ilikuwa siku ya funza.

Watoto wa siku hizi wanavaa viatu vya mpira mpaka wakienda chooni, hawajui funza ni nini. Sisi tulitembea miguu mitupu kwa vumbi jekundu, na funza waliingia kwa vidole vyetu kama wapangaji. Mwanzo unasikia mwasho mtamu, kisha mwasho usio na utamu, kisha huwezi kutembea vizuri, unakanyaga na kisigino kama bata. Kila Jumamosi mchana, Cucu Gathoni aliketi kwa kigoda mbele ya nyumba yake na pini ya nguo, mkebe wa mafuta ya taa na kitambaa. Laini nzima ya tatu ilileta watoto kwake. Alikuwa na mkono mzuri na mdomo mbaya. "Reta mguu," alikuwa anasema. "Si huo. Ule mwenye wewe unaficha."

Sasa, wamama wa laini ya tatu walikuwa wamegundua kitu kimoja. Mtoto wa kwanza akilia, wote wanalia. Wa pili anaanza kulia kabla hajaguswa, wa tatu analia akiona wa pili, na wa nne utamtafuta kwa kahawa mpaka jioni. Kwa hivyo ilikuwa desturi, kabla pini haijafunguliwa, wamama wanachagua mtoto wa kwanza. Huyo ndiye aliitwa mkavu. Aliketi mbele ya wengine wote, akatoa mguu, akatolewa funza, na uso wake haukusema kitu. Haukutakiwa kucheka pia. Mtoto anayecheka akitobolewa anaogopesha wenzake kuliko anayelia. Ulitakiwa uso mkavu tu, kama mtu anayengoja treni.

Na zawadi ilikuwako! Cucu alikuwa na kiazi kitamu kimoja alichokizika kwa jivu la moto tangu asubuhi, kikaiva polepole mpaka ganda likawa jeusi na ndani kikawa kama siagi. Hicho kilikuwa cha mkavu peke yake. Mkavu alikula akiangaliwa. Nasema ukweli, sijawahi kula kitu kitamu hivyo, hata kule shule ya bweni siku ya Krismasi.

Kwa hivyo tulifanya mazoezi. Tulikuwa na mchezo, tuliuita kukausha. Wawili wanakaa kwa gunia, uso kwa uso, wengine wanawazunguka na kufanya kila aina ya ujinga. Anayeonyesha meno ameshindwa. Karanja, mtoto wa yule Mama Karanja, alikuwa fundi, kwa sababu alikuwa anaweza kutingisha masikio yake, moja moja, la kushoto halafu la kulia, kama punda anayefikiria. Wengi walianguka kutoka kwa gunia wakicheka. Mimi hakuniweza. Nilikuwa na siri yangu: kwa kichwa nilikuwa nasema hesabu ya saba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Nikifika saba mara nane, Karanja amechoka masikio na mimi bado naangalia kama ukuta. Nilikuwa na miaka kumi, kisha kumi na moja, na Jumamosi nyingi kile kiazi kilikuwa changu. "Nyambura ni mkavu," walikuwa wanasema, na mimi nilitembea kama binti wa chifu.

Wairimu hakupenda mchezo huo. Yeye alikuwa mtu wa kucheka na kulia waziwazi, machozi yake yalikuwa karibu, na kicheko chake pia. Lakini darasani alikuwa mbele yetu wote. Mwandiko wake mwalimu aliubandika ukutani. Alianza shule akiwa amechelewa kidogo kwa sababu alikuwa ananilea mimi, na mwaka ule alipofika standadi foo alikuwa msichana mkubwa kuliko wote, na kila mtu alijua atapita mtihani na kwenda ile shule kubwa ya Ruiru mjini.

Mwaka huo ndio gari la dawa lilikuja mara ya kwanza. Kulikuwa na habari za ndui huku na huku, na shule kubwa ilituma neno: mtoto asiye na alama ya chanjo mkononi hataingia kwa chumba cha mtihani. Tena wakaongeza: kama shamba halijachanja watoto wake wote, hakuna mtoto hata mmoja wa shamba hilo atakayepokelewa, kwa maana wanalala pamoja na kula pamoja. Gari lilikuwa linakuja siku moja tu, halafu linaenda mashamba mengine mpaka Thika na mbele, na halirudi kabla ya mtihani.

Wamama walisema Wairimu awe wa kwanza, kwa sababu ni mkubwa. Hawakufikiria zaidi ya hapo. Akatoa mkono. Dresa, yule mtu wa kuchanja, akaweka tone la dawa, akachukua kile kichuma chake kidogo chenye meno, akakizungusha kwa ngozi. Na Wairimu akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka mtoni.

Watoto walitawanyika kama kuku. Mimi pia nilikimbia, sifichi. Tulilala chini ya miti ya kahawa mpaka tukasikia gari limeondoka.

Hakuna mtoto wa shamba letu aliyefanya mtihani mwaka ule. Baba hakugombana. Alitoa kikapu kutoka kwa ukuta, akamwekea Wairimu miguuni, akasema, "Basi, mwanangu, hapa kuna kazi." Tangu siku hiyo akawa mchumaji kahawa, na tangu siku hiyo wakamwita Maji. Walimwita bombani, njiani, hata kanisani. Yeye alikuwa anaitika.

Mwaka uliofuata foo ilikuwa ni yangu. Mwalimu aliandika jina langu kwanza kwa orodha, na Karanja wa pili, na wengine wanne nyuma yetu. Gari la dawa likatangazwa, na sharti lilikuwa lile lile. Jumamosi kabla halijaja, wamama walikutana kwa Cucu Gathoni kama baraza. Mama Karanja alitaka mtoto wake awe wa kwanza. "Mwanaume ndiye anatangulia," alisema.

Cucu alikuwa anasafisha pini. "Mtoto wako anatingisha masikio," alisema. "Ng'ombe pia anatingisha. Nyambura ndiye mukavu. Tumemaliza."

Siku yenyewe, watoto arobaini na kitu tulipangwa kwa mstari mahali pa kupimia kahawa, kuanzia walio foo mpaka wale wanaobebwa mgongoni. Dresa alikuwa mtu mnene wa kutoka upande wa magharibi, na koti jeupe lililokosa kifungo kimoja. Nilitoa mkono wangu wa kushoto. Nyuma yangu watoto arobaini walikuwa wanaangalia shingo yangu.

Kile kichuma kiliuma. Wacha nisidanganye mtu. Kiliuma kama funza watatu wanatolewa pamoja kutoka kidole kimoja. Lakini nilikuwa kwa saba mara sita tayari, na uso wangu ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia. Dresa aliniangalia machoni. "Mayi wee," akasema, "wewe mtoto, umetengenezwa na nini?" Watoto wakacheka. Mabega yao yakashuka. Nilisikia Karanja akiambia walio nyuma, "Kumbe si kitu!"

Akaja mbele akicheka, mkono amenyoosha kama anapokea mshahara.

Na hapo ndipo nilijua makosa yetu. Sisi sote, wamama na Cucu na mimi, tulikuwa tumefikiria funza. Funza kila mtoto anamjua, anajua anauma kiasi gani, anachotaka kuona ni kwamba mtu anaweza kuvumilia. Lakini chanjo hawakuijua. Waliniangalia uso wangu na wakaamini hakuna maumivu kabisa. Kwa hivyo kichuma kilipozungushwa kwa mkono wa Karanja, aliyekuwa hajajitayarisha hata kidogo, aliruka juu, akageuka, akanionyesha kidole mbele ya wote akalia, "Muongo! Nyambura ni muongo! Inauma!"

Mstari ukavunjika. Kahawa ikawameza wote. Dresa alibaki ameshika kichuma chake, akaangalia saa, akasema kwa upole kabisa, "Nangoja mpaka jua lifike kwa ile paa. Halafu naenda."

Nilikimbia kwa kahawa nikiita majina. Nani angenisikiliza? Nilikuwa muongo. Nilisikia wakicheka kwa mbali, nilisikia matawi yakivunjika, na niliona jua, na niliona kile kikapu kwa ukuta wa nyumba yetu. Hapana, si hicho. Hicho kilikuwa na mwenyewe tayari. Kwa kichwa niliona baba akienda dukani kununua cha pili.

Nikamkuta Wairimu. Alikuwa anachuma kwa mstari wa tano, matunda yanaanguka kwa kikapu chake tu-tu-tu, haraka haraka, kwa maana alikuwa amekuwa hodari. Aliniangalia na hakuacha kuchuma.

"Wamekimbia?"

"Wamekimbia. Wairimu, nilikausha! Sikufanya kitu! Nilikausha vizuri kabisa!"

"Nilikuona kutoka hapa. Ulikausha zaidi." Akachuma mbili, tatu. "Nenda uwaambie inauma."

"Nikiwaambia inauma hawatakuja."

"Wanajua tayari inauma. Karanja amewaambia. Wanataka kujua kama wewe pia unajua." Kisha akaweka mkono kwa tawi, akasimama kidogo. "Na uwape kitu cha kushika. Mimi mwaka jana sikuwa na kitu cha kushika. Yule mtu alikuwa ananishika mkono, lakini mimi sikuwa nimeshika mtu."

Akarudi kwa kazi yake.

Nilienda nikasimama katikati ya miti ya kahawa, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Inauma! Mnasikia? Inauma kama funza tatu kwa kidole moja! Mimi ni mkavu lakini si mti! Kila mtu akichanjwa atanifinya mkono, na afinye vile anaumwa, na nikilia, mkimbie mpaka Nairobi!"

Sauti ya Karanja ikatoka chini ya mti: "Mpaka damu?"

"Mpaka uchoke!"

Hiyo ndiyo iliwatoa, nawaambia. Si ujasiri, ni ile hamu ya kumfinya mtu. Karanja alitoka wa kwanza, mkono wake umechanjwa nusu, machozi bado yako kwa kidevu, na akanishika mkono wa kulia hapa juu, mahali laini. Dresa akamaliza alama yake. Na Karanja alinifinya kwa kidole na kucha, akinikazia macho, akitingisha na masikio pia. Saba mara tisa, sitini na tatu. Saba mara kumi, sabini. Uso wangu haukusema kitu. "Haki," alisema Karanja akiniachilia, na alisema kwa heshima, "haki huyu ni mkavu."

Wakaja mmoja mmoja, halafu wakaja wakisukumana. Walifinya wote. Wengine walifinya wakilia, na nikaona kulia hakuvunji mstari tena, kwa sababu anayelia ameshika mtu na yule aliyeshikwa amesimama. Msichana mmoja mdogo wa standadi wani hakufinya, aliniuma. Wale wa mgongoni tuliwawekea vidole vyao kwa mkono wangu tu, ili wasikose haki yao. Nilimaliza hesabu ya saba nikaanza ya nane, nikamaliza ya kumi na mbili, nikarudi ya saba tena. Mkono wangu ulikuwa rangi ya kahawa iliyoiva. Na jua lilipogusa paa, Dresa alifunga sanduku lake, kwa maana hakukuwa na mtoto aliyebaki. Hata mmoja!

Akaandika cheti cha shamba zima, akampa mwalimu. Kisha akanishika kichwa akasema, "Ukikua uje kwetu, tukupe koti jeupe. Lakini ulete vifungo vyako."

Wamama wakapiga ngemi, vigelegele vyetu. Nyinyi mnajua, mtoto akizaliwa, ngemi za msichana ni tatu na za mvulana ni tano. Cucu Gathoni ndiye alianzisha, na akafika tatu, akaenda ya nne, akaenda ya tano, na Mama Karanja akamwambia, "Cucu, huyo ni msichana." Cucu akavuta pumzi. "Leo nimesahau kuhesabu," akasema, akapiga ya sita.

Mtihani tuliufanya wote sita, kwa chumba kikubwa chenye madirisha ya kioo, na wasimamizi waliangalia mikono yetu mlangoni, na kila mkono ulikuwa na kigaga chake kibichi. Tulipita wanne. Jina langu lilisomwa la kwanza. Baba alinunua mkate mzima wa dukani, akaukata kwa kisu mbele ya watu, na mwalimu alitupa mkono kama watu wazima. Sijawahi kuwa mrefu kama siku hiyo.

Halafu Imajensi ikaingia, ile hali ya hatari ya serikali, na neno letu likatoka kwa watoto likaenda kwa wakubwa. Laini zilizungushiwa seng'enge. Askari walipokuja asubuhi kupekua nyumba, mama mmoja alikuwa anasema neno moja tu, "Kausha," na likapita mlango kwa mlango, na laini nzima ikakauka, wazee kwa watoto. Baba alipochukuliwa kwenda kuulizwa maswali, maitu alisimama mlangoni na uso mkavu. Lori lilipoondoka, alifua nguo zote za nyumba, hata zile safi, hata magunia. Alifua mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Baba alirudi, Mungu ni mwema, amekonda na hataki kelele. Lakini niambieni, Wairimu na wale majirani zako wa Majengo: yule mwanamke aliyekuwa anafua magunia hakuwa na roho?

Sasa ni siku zingine. Mimi ni mwalimu wa muda wa standadi tu, darasa la pili, kwa ile shule yetu ya shamba, ambayo imepata paa la mabati. Watoto wangu wana viatu. Nikiinua chaki tu, mmoja analia. Gari la dawa likija wanapewa peremende kwanza, na wanalia na peremende ikiwa mdomoni, na mama zao wanalia nao. Hakuna anayekaa kwa gunia kukausha. Cucu Gathoni ana pini yake bado, ameifunga kwa pembe ya leso, na Jumamosi anakaa kwa kigoda mchana mzima na hakuna mguu unaokuja. Juzi aliniomba wangu. Nilimpa. Aliupangusa vumbi, akauangalia kidole kwa kidole, akanirudishia akasema, "Safi. Bure kabisa."

Natamani siku zile, sitakataa. Lakini nimeandika mpaka hapa na kuna kitu kimoja nimekiruka, na mtu akiandika kwa daftari lake mwenyewe akiruka kitu anamdanganya nani?

Siku ile, baada ya ngemi, Mama Karanja aliniuliza mbele ya wote, "Nyambura, hiyo akili ya kufinywa ulitoa wapi?" Wairimu alikuwa amesimama pale kwa mizani na kikapu chake, hatua kumi hivi. Alikuwa anangoja kupimiwa. Aliinua macho. Na mimi nikasema, "Kwa kichwa changu." Nilisema na uso mkavu kabisa. Haukutingisha. Wakapiga makofi. Wairimu akaangalia matunda yake, akaanza kutoa majani yaliyoingia ndani, moja moja, kama kwamba hiyo ndiyo kazi ilikuwa imemleta.

Hajawahi kusema. Miaka yote hii. Nilipokuwa naenda bweni alinishonea mfuko wa nguo. Alipoolewa Thika na akaingia kiwanda cha mananasi, alinitumia kalamu ya wino, na ndiyo hii. Wanamwita Maji mpaka leo, mbele ya mtoto wake, na mimi mkavu nakula sifa na yeye anaitika. Kama hapendi hilo neno, ni mimi nimemfundisha.

Bado nasema ni neno zuri. Nitalitetea mpaka nizeeke. Lakini halikuwa langu peke yangu siku ile. Nusu yake ilikuwa kwa mstari wa tano, inachuma kahawa.

Wairimu analala hapa leo, treni yake ya Thika ni kesho. Kabla ya hiyo wamama wote watakuwa bombani, na Mama Karanja ndiye huwa wa kwanza kwa foleni. Kesho asubuhi nitachukua debe, nitamwambia Wairimu anisindikize, hata kama amekasirika atakuja kwa sababu hawezi kuniacha nibebe peke yangu. Tukifika sitangoja salamu ziishe. Nitasema: ile siku ya chanjo, aliyewaleta watoto wenu kutoka kwa kahawa ni huyu. Nitasema maneno yote aliyoniambia, moja baada ya lingine, na nitasema nilidanganya. Sitahesabu saba. Uso wangu ufanye unavyotaka, na nitamshika mkono.